Soma jina dogo: namna ya kununua dawa za mifugo bila kulipia jina kubwa



Mvua za kwanza zinapoleta majani, huleta pia kupe na minyoo. Ndipo mbuzi mmoja au wawili hutoka bomani kwenda mnadani ili fedha yake inunue dawa. Mbuzi huyo angeweza kuwa sare za shule au gunia la mahindi. Kwa hiyo ni haki yako kujua fedha yake imenunua nini: dawa yenyewe, au jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa.

Somo hili linafundisha jambo moja: mnyama haponywi na jina kubwa la chupa, anaponywa na kile kilichomo ndani, ambacho jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo. Anayejua kusoma jina dogo ataokoa fedha mara nyingi, na siku nyingine ataokoa ng'ombe.

Ikiwa wewe mwenyewe husomi, mwite mtoto anayesoma shule akae nawe. Leteni chupa zote za dawa zilizopo nyumbani, hata zilizokwisha, mziweke mbele yenu.

CHUPA MOJA, MAJINA MAWILI

Tazama chupa yoyote. Jina la kwanza ni kubwa na lina rangi. Hilo ni jina la biashara. Kampuni imelichagua yenyewe, kama vile mtu anavyoweka chapa yake kwa ng'ombe. Kampuni nyingine haliruhusiwi kulitumia.

Chini yake, au ubavuni mwa lebo, kuna jina la pili kwa herufi ndogo, na mbele yake namba. Hilo ni jina la kiini cha dawa, ambacho wataalamu hukiita kiambato hai. Jina hili ni lile lile duniani kote, kampuni yoyote itakayoitengeneza.

Haya ndiyo majina madogo utakayoyakuta mara nyingi katika duka la dawa za mifugo. Tumeyaandika kama yanavyosomeka kwenye lebo ili mtoto ayatafute herufi kwa herufi:

Oxytetracycline. Ni dawa ya kuua bakteria, mara nyingi ya rangi ya manjano. Hutumika kwa ndigana baridi, maji moyo, vidonda na magonjwa kadhaa ya mapafu. Wengi huiita Terramycin, lakini hilo ni jina la biashara la kampuni moja tu.

Albendazole. Ni dawa ya kunywesha ya minyoo.

Ivermectin. Huchomwa chini ya ngozi. Huua minyoo ya duara, na pia wadudu wa ukurutu.

Diminazene. Ni unga wa kuchanganya na maji safi ya sindano, kwa ajili ya nagana. Wengi huiita Berenil.

Isometamidium. Nayo ni ya nagana, lakini ni kiini kingine kabisa. Wengi huiita Samorin.

Buparvaquone. Ni dawa ya ndigana kali. Wengi huiita Butalex.

Amitraz, Cypermethrin, Alphacypermethrin, Deltamethrin. Hizi ni za kuogesha, kwa ajili ya kupe.

Wakati mwingine utakuta majina madogo mawili kwenye pakiti moja. Mfano ni pakiti nyingi za diminazene, ambazo zina jina la pili, Antipyrine au Phenazone. Hilo la pili halitibu nagana. Limewekwa ili dawa isiharibike haraka baada ya kuchanganywa na maji.

KWA NINI BEI HAZILINGANI

Mfugaji huuliza: kama kiini ni kile kile, kwa nini chupa moja iuzwe karibu mara mbili ya nyingine?

Kampuni inapogundua dawa mpya hutumia miaka mingi na fedha nyingi kuitafuta na kuipima. Sheria huipa haki ya kuitengeneza peke yake kwa muda, kwa kawaida miaka 20 tangu ilipoomba haki hiyo. Muda huo ukiisha, kampuni nyingine huruhusiwa kutengeneza dawa yenye kiini kile kile na kuiuza kwa jina lake. Hizi za pili hazikubeba gharama ya ugunduzi, nazo hushindana kwa bei. Ndiyo maana nyingi ni nafuu.

Sasa tazama umri wa dawa tunazotumia. Oxytetracycline ilitangazwa mwaka 1950 na kampuni ya Pfizer ya Marekani. Diminazene ilianza kutumika mwaka 1955, ikitoka kampuni ya Hoechst ya Ujerumani. Ivermectin ilianza kuuzwa kwa ajili ya mifugo mwaka 1981 kwa jina la Ivomec. Ilitokana na bakteria wa udongoni aliyepatikana Japani na mtaalamu Satoshi Omura, kisha William Campbell wa kampuni ya Merck akaonyesha nguvu yake kwa minyoo. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Ni dawa kubwa kweli, lakini haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake ilikwisha zamani. Leo viwanda vingi vinaitengeneza.

Kwa hiyo unapolipa zaidi kwa ajili ya jina kubwa la dawa ya zamani, mara nyingi hulipii nguvu zaidi. Unalipia matangazo, kalenda za ukutani, na mazoea yako mwenyewe ya rangi ya chupa.

MAMBO MANNE YA KULINGANISHA

Chupa mbili zenye majina makubwa tofauti ni dawa moja ikiwa mambo haya manne yanalingana. Yahesabu kwa vidole.

Kidole cha kwanza: kiini. Jina dogo liwe lile lile, herufi kwa herufi.

Kidole cha pili: nguvu. Hii ni namba iliyo karibu na jina dogo, kama 2.5%, 10% au 20%. Ukiona 10%, maana yake kila mililita 100 za dawa zina gramu 10 za kiini. Chupa ya 20% ina kiini mara mbili ya chupa ya 10% yenye ujazo ule ule. Usilinganishe bei kabla hujaona namba hii.

Kidole cha tatu: njia ya kutoa. Kuna ivermectin ya sindano, ya kunywesha, na ya kumwaga mgongoni. Kiini ni kimoja, lakini huwezi kuchoma ile ya kumwaga mgongoni.

Kidole cha nne: muda wa kufanya kazi. Dawa nyingine hukaa mwilini siku kadhaa kwa sindano moja. Kwenye lebo huandikwa LA au Long Acting. Nyingine huhitaji kurudiwa kila siku.

Mambo haya manne yakilingana, na chupa zote mbili zimesajiliwa na hazijaisha muda, chukua ya bei nafuu bila wasiwasi. Likikosekana hata moja, muulize mtaalamu wa mifugo kwanza.

HESABU KWA NG'OMBE, SI KWA CHUPA

Bei ya chupa hudanganya. Swali sahihi ni hili: kumtibu ng'ombe mmoja kutanigharimu kiasi gani?

Tufanye hesabu tatu. Bei tulizoweka ni za mfano tu. Wewe weka za duka lako.

Hesabu ya kwanza ni ya chupa mbili za oxytetracycline ya 20% LA, zenye mililita 100 kila moja. Yenye jina linalojulikana ni shilingi 14,000. Nyingine ni shilingi 8,000. Kipimo cha kawaida cha LA ya 20% ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Ng'ombe wa kilo 250 atahitaji mililita 25, ambazo huchomwa sehemu zaidi ya moja kama lebo inavyoelekeza. Kwa chupa ya kwanza atagharimu shilingi 3,500, na kwa chupa ya pili shilingi 2,000. Ukitibu ng'ombe kumi, umebaki na shilingi 15,000 mfukoni.

Hesabu ya pili ni ya dawa ya minyoo. Chupa mbili za albendazole, lita moja kila moja. Ya 2.5% ni shilingi 10,000 na ya 10% ni shilingi 28,000. Wengi watakimbilia ya 10,000. Subiri kidogo. Ng'ombe wa kilo 250 kwa minyoo ya kawaida ya tumboni huhitaji mililita 75 za ile ya 2.5%, lakini huhitaji mililita 19 tu za ile ya 10%. Chupa ya 10,000 itanywesha ng'ombe 13, kila mmoja kwa shilingi 750. Chupa ya 28,000 itanywesha zaidi ya ng'ombe 50, kila mmoja kwa shilingi 530 hivi. Hapa chupa iliyoonekana ghali ndiyo nafuu. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, na usemi huo unafaa hapa.

Kwa kondoo na ndama wadogo, hata hivyo, dawa nyepesi ya 2.5% ni rahisi kupima. Kondoo wa kilo 30 huhitaji mililita 6 za ile ya 2.5%, lakini mililita moja na nusu tu za ile ya 10%. Ukikosea kidogo kwenye dawa kali umemzidishia sana. Kama huna bomba dogo la kupimia, nunua nyepesi kwa ajili ya wadogo. Kwa mbuzi, uliza kipimo chake, kwa sababu mara nyingi si sawa na cha kondoo. Na usimnyweshe albendazole ng'ombe, kondoo wala mbuzi aliyepandwa karibuni, kwa kuwa inaweza kudhuru mimba changa.

Hesabu ya tatu ni ya kununua pamoja. Mwenye ng'ombe watano hahitaji lita nzima. Lakini chupa ndogo ya mililita 100 ya albendazole 10%, tuseme kwa shilingi 4,500, hunywesha ng'ombe watano kwa shilingi 900 kila mmoja. Maboma kadhaa yakichangia lita moja na kunywesha siku moja, kila ng'ombe atagharimu zile 530. Kusanyeni mifugo mahali pamoja na mmalize chupa hapo hapo. Msigawane kwa kumimina kwenye chupa za soda au za maji. Chupa ya soda haina lebo, na mtoto mwenye kiu hataijua.

Hesabu zote hizi zinategemea kujua uzito. Kukadiria kwa macho hupotosha wengi. Omba ofisa mifugo wako akuonyeshe tepe ya kupimia kifua cha ng'ombe. Kipimo pungufu si njia ya kuokoa fedha. Minyoo na vijidudu visivyokufa huzoea dawa, na mwaka ujao dawa ile ile haitafanya kazi kwako wala kwa jirani unayechunga naye.

USINUNUE DAWA ILE ILE MARA MBILI

Hapa ndipo kutojua jina dogo kunapogharimu zaidi ya fedha.

Tuchukue mfano. Ng'ombe anayekamuliwa ameacha kula. Ana homa, na tezi za chini ya sikio na mbele ya bega zimevimba. Mwenye boma anauza mbuzi, anakwenda dukani na kueleza kwa haraka kwamba ng'ombe ana homa. Anapewa oxytetracycline. Siku mbili zinapita bila nafuu. Anauza mbuzi wa pili, anakwenda duka jingine na kusema, "Ile haikufanya kazi, nipe yenye nguvu zaidi." Anapewa chupa ya rangi nyingine na jina jingine, kwa bei kubwa zaidi. Anarudi na matumaini. Siku ya tano ng'ombe amelala, anapumua kwa shida, povu linatoka puani.

Mtoto wa darasa la tano angesoma lebo ya chupa ya pili angeona neno lile lile: Oxytetracycline. Mbuzi wawili walikwenda kununua dawa moja. Nayo haikuwa dawa ya ugonjwa ule. Dalili zile ni za ndigana kali, na ng'ombe aliyekwisha kuugua ndigana kali haponi kwa oxytetracycline peke yake. Huhitaji buparvaquone, na huhitaji mapema, kabla mapafu hayajajaa maji. Dawa hiyo kwa kawaida huwa na nguvu ya 5%, na kipimo chake ni mililita 1 kwa kila kilo 20. Ng'ombe wa kilo 250 atahitaji mililita 12 na nusu. Mtaalamu ndiye ataamua kama sindano irudiwe baada ya saa 48.

Buparvaquone ni ghali kuliko dawa nyingine nyingi tulizozitaja. Wafugaji wengi huikwepa kwa sababu hiyo, huanza na ya bei ndogo, na wakifika kwake ng'ombe amekwisha. Lakini jumlisha: bei ya chupa mbili zisizohusika, na nauli ya safari mbili, mara nyingi inakaribia bei ya dawa sahihi. Na buparvaquone pia hutengenezwa na kampuni zaidi ya moja. Ukitaja jina dogo dukani, utaonyeshwa zote zilizopo na utachagua inayolingana na mfuko wako.

Kwa hiyo fedha unayookoa kwenye dawa za minyoo na za kila siku usiitumie yote. Iweke kando. Hiyo ndiyo itakayonunua dawa ya ndigana kali siku ya kwanza badala ya siku ya tano.

Kosa hili hutokea pia kwa nagana. Ukiona diminazene haikusaidia, kununua pakiti nyingine yenye jina kubwa tofauti lakini jina dogo lile lile si kubadilisha dawa. Mtaalamu anaposema "badilisha", maana yake ni kutoka diminazene kwenda isometamidium, au kinyume chake, kwa mpango. Na kabla ya hapo atataka kuhakikisha kwamba ugonjwa ni nagana kweli.

KUBADILISHA DAWA YA KUOGESHA

Wafugaji wengi wameelezwa wabadilishe dawa ya kupe baada ya muda ili kupe wasiizoee. Ushauri ni mzuri, lakini wengi hubadilisha kopo tu.

Cypermethrin, alphacypermethrin na deltamethrin ni ndugu wa ukoo mmoja. Kupe aliyezoea mmoja wao anaweza kuwavumilia na wengine. Ukitoka kopo la cypermethrin kwenda kopo la deltamethrin, umebadilisha jina kubwa, umebadilisha hata jina dogo, lakini hujabadilisha ukoo. Amitraz ni ya ukoo mwingine. Kutoka kwenye kundi lile la kwanza kwenda amitraz ndiko kubadilisha kweli. Usibadilishe kila wiki wala usichanganye mbili katika ndoo moja. Kubalianeni na ofisa mifugo na majirani mnaotumia josho au malisho pamoja, mbadilishe wakati mmoja.

Hapa pia bei hupimwa kwa maji yaliyochanganywa, si kwa kopo. Amitraz ya 12.5% huchanganywa kwa kawaida mililita 20 katika lita 10 za maji. Dawa nyingine huhitaji zaidi au pungufu. Soma lebo, kisha ugawe: kopo hili litatoa pampu ngapi, na kila pampu itaogesha ng'ombe wangapi? Kuongeza maji ili dawa ifike mbali ni kuwafundisha kupe kuishi. Na kumbuka, usimwogeshe punda wala farasi kwa amitraz, inaweza kumdhuru.

NAFUU SI BANDIA

Wengine husema, "Ile ya bei ndogo ni ya bandia." Si kweli kwamba kila nafuu ni bandia. Lakini ni kweli kwamba dawa bandia na dawa zilizoharibika zipo, na mara nyingi wanaozitengeneza huiga jina kubwa linalopendwa, kwa sababu ndilo linalouzika. Kwa hiyo jina kubwa halikulindi. Kinachokulinda ni kuangalia.

Nunua katika duka lenye kibali, lenye mtu anayeweza kujibu maswali. Usinunue dawa iliyotandazwa juani mnadani, wala iliyopimwa kwenye mfuko au bomba la sindano. Jua huua dawa hata kama ilikuwa halali.

Kabla ya kulipa, angalia haya:

Kifuniko kina lakiri na hakijafunguliwa.

Jina dogo na nguvu yake vimeandikwa na vinasomeka.

Kuna tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na namba ya toleo. Tarehe isiwe imekwanguliwa wala kubandikwa juu ya nyingine.

Jina la kiwanda na nchi vimeandikwa.

Dawa yenyewe haijabadilika rangi, haijaganda, haina vipande vinavyoelea.

Muuzaji yuko tayari kukupa risiti yenye jina la dawa.

Kwa Tanzania, dawa za mifugo, kama zile za binadamu, husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Muulize muuzaji au ofisa mifugo kama dawa hiyo imesajiliwa. Dawa nafuu iliyosajiliwa imekaguliwa kama ilivyokaguliwa ile ya ghali. Ukiwa na shaka na chupa, usiitupe. Ihifadhi pamoja na risiti, umpelekee ofisa mifugo. Bei ikiwa ndogo mno kuliko maduka mengine yote, hiyo nayo ni sababu ya kuuliza.

MAHALI AMBAPO SI PA KUBANA MATUMIZI

Usibane kipimo. Tumekwisha kusema kwa nini.

Usibane sindano. Sindano moja kwa ng'ombe wengi hupeleka ugonjwa kutoka damu hadi damu, ndigana baridi ikiwa mojawapo.

Usibane muda wa kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kuchinja. Hapa kuna jambo la kuzingatia sana: viini vinaweza kuwa sawa, lakini siku za kusubiri zikatofautiana kati ya chupa moja na nyingine, kwa sababu ya namna zilivyotengenezwa. Usitumie siku ulizozizoea za dawa ya zamani. Soma siku zilizoandikwa kwenye chupa uliyonunua. Ivermectin ya sindano usimchome ng'ombe ambaye maziwa yake yananywewa nyumbani au kuuzwa.

Usibane chanjo. Chanjo hailinganishwi kwa jina dogo kama dawa. Inategemea aina ya kimelea kilichotumika na baridi iliyotunzwa nayo njiani. Hapo fuata mpango wa wataalamu wa mifugo wa eneo lako.

Na usibane ushauri. Kabla ya kuuliza dawa ipi ni nafuu, uliza ugonjwa ni upi. Dawa ya bei ndogo kabisa ni ile ambayo hukuhitaji kuinunua.

KAZI YA NYUMBANI

Fanyeni kazi hii jioni moja, familia yote: baba, mama anayekamua na kulea ndama, vijana wanaochunga, na watoto wanaosoma.

Pangeni chupa zote za dawa. Msomaji asome jina dogo la kila chupa kwa sauti. Zenye jina dogo moja ziwekwe pamoja. Mtashangaa mkiona ni makundi mangapi na chupa ngapi.

Andikeni katika daftari moja la boma: jina dogo, nguvu, bei, tarehe, ng'ombe gani alitibiwa, na kama alipona. Asiyeandika achore alama. Daftari hilo mtu aende nalo dukani. Badala ya kusema "nipe ile ya kopo jekundu", aseme: "Naomba oxytetracycline ya asilimia 20, LA. Unazo za aina ngapi, na bei ya kila moja?" Muuzaji mwema atafurahi kumjibu mteja wa namna hiyo.

Kisha jadilini maswali haya:

1. Mwaka huu tumenunua dawa ipi mara mbili kwa majina mawili?

2. Dawa ya kupe tuliyonayo ni ya ukoo gani, na tumeitumia kwa muda gani?

3. Ng'ombe akishikwa na ndigana kali kesho asubuhi, fedha ya dawa yake iko wapi?

4. Ni maboma gani ya jirani tunaweza kununua nayo dawa ya minyoo kwa pamoja?

5. Nani nyumbani atakuwa msomaji wa lebo?

Swali la tatu ndilo kubwa. Msilale kabla hamjalijibu. Mnapokuwa na jibu lake, mtakuwa mmejua faida ya kusoma jina dogo.

Ukihitaji msaada, mtafute ofisa mifugo wa kata yako, nenda na chupa na daftari lako. Tunakutakia mvua njema na mifugo yenye afya.